Mpangaji wangu anakesha na bafle (spika kubwa), jirani yangu hapati usingizi. Nifanye nini?

BARUA

Mama mshauri, salamu kwako na kwa nyumba yako.

Mimi ni mjane, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Lupango yetu, yaani kiwanja chetu, ina nyumba kubwa ninamokaa mimi na mjukuu wangu, na nyuma kuna anexe mbili, nyumba ndogo za kupangisha. Hizo anexe tulizijenga kwa pesa aliyopewa marehemu mume wangu mwaka 2003, alipotoka Gécamines, kampuni ya migodi, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Wenzake wengi pesa ile iliwaishia mkononi. Yeye alinunua matofali, na mpaka leo ndiyo yanayonilisha.

Anexe ya kwanza anakaa mwalimu mmoja, mtu kimya, simsikii hata akikohoa. Ya pili ndiyo imeniletea shida hii ninayokuandikia.

Mwaka jana niliipangisha kwa kijana mmoja na mkewe na watoto wao wawili. Ni watu wazuri, nisiseme uongo. Wananilipa dola 70 kwa mwezi na tarehe tano haijawahi kupita bila pesa kunifikia. Mke akipika sombe nami napata sahani yangu. Watoto wananiita nkambo, bibi yao.

Mwanzoni walikuwa wakiomba wenyewe ndani kwao jioni. Baadaye ikawa selili, kikundi cha maombi, Jumatano na Ijumaa, watu kama kumi na tano wanajaa chumbani na wengine wanabaki barazani. Hata hapo hakuna aliyelalamika. Kisha mtu wa kanisa lao akawaletea bafle kubwa na mikro. Tangu siku hiyo mkesha unaanza saa nne ya usiku na unakwenda mpaka saa tisa, mara nyingine saa kumi. Na hata siku zisizo za maombi, kama umeme ulikatika mchana ukarudi usiku wa manane, utasikia bafle limewaka lenyewe, nyimbo zinaanza, avenyu nzima inajua kwamba umeme umerudi. Mimi nyumba yangu ina plafo, yaani dari, nafunga madirisha, navumilia.

Asiyeweza kuvumilia ni jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta. Yeye tulimkuta pale. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyelala nami chini kwenye mkeka siku zote za kilio. Namwita yaya, yaani dada, naye ananiita yaya. Anauza mikate, anaondoka kwake kabla ya kucha. Binti yake wa mwisho ni finalisti, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, Exetat, mtihani wa taifa, imekaribia, na mtoto anasoma usiku kwa sababu usiku ndio umeme unapatikana. Chumba chake kinapakana na anexe ile. Kwao hakuna plafo, ni mabati matupu.

Yaya alikuja kwangu kwa upole. Akarudi tena akiwa na binti, mtoto analia, anasema anasoma ukurasa mmoja saa nzima. Mimi niliona haya kumwendea kijana, nikamtuma mwalimu wa anexe ya kwanza akamwambie. Sijui alimwambia vipi. Ijumaa iliyofuata walishika mikro wakaomba juu ya adui aliye nyuma ya ukuta anayepinga kazi ya Mungu usiku. Yaya alisikia. Tangu hapo haji tena kwangu. Tukikutana kwenye robine, bomba la maji, anasalimu na kupita.

Sasa mama, sikiliza kinachonifunga. Wakati wa mvua zilizopita mjukuu wangu aliugua malaria kali, damu ikamwisha, hospitalini wakatuambia tutafute mtu wa kumtolea. Ni kijana huyu aliyetoa. Mkewe na wenzake walikesha wakimwombea mtoto, na mtoto yupo leo, anakimbia. Nitaanzia wapi kumwambia mtu huyo kwamba maombi yake ni makelele? Mimi ni Mkatoliki, wao wa kanisa la uamsho. Watasema Wakatoliki hawapendi maombi. Na mimi mwenyewe naogopa nisije nikapingana na Mungu.

Tena kuna jambo la pesa. Alinipa garanti, amana ya kodi ya miezi sita, dola 420. Nilinunulia mabati ya nyumba kubwa, maji yalikuwa yanatuingilia. Akikasirika na kuondoka nitamrudishia nini?

Mwanangu wa kiume aliye Kolwezi ananiambia kwenye simu: mama, fukuza hao watu. Binti yangu anasema yaya ana wivu tu kwa sababu yeye hana wapangaji. Mimi sijui. Je, nimfukuze mtu aliyempa mjukuu wangu damu, au nimpoteze yaya yangu?

Mama mwenye lupango, Katuba

JIBU

Mama mpendwa,

Acha nikurudishie nilichosikia katika barua yako, unisahihishe moyoni pale nitakapokuwa nimekosa. Una watu wawili waliokubeba katika saa mbaya za maisha yako. Mmoja alilala nawe chini siku za kilio. Mwingine alinyoosha mkono hospitalini damu ya mtoto ilipokwisha. Sasa hawa wawili wametenganishwa na ukuta mmoja na bafle moja, na wewe umesimama katikati ukiona kwamba ukimgeukia huyu umemwacha yule. Kama kijana angekuwa mkorofi, au jirani angekuwa mtu wa maneno, usingehitaji kuniandikia. Uzito wako unatoka kwenye wema wa watu wote wawili, na ninauheshimu.

Lakini kuna jambo umeligusa kwa sentensi chache ukaliacha, nami siwezi kuliacha. Ni yale maombi ya Ijumaa juu ya adui aliye nyuma ya ukuta.

Mama, wewe na mimi tunaujua mji wetu. Neno kama hilo likisemwa usiku mbele ya watu wengi, tena kwenye mikro, asubuhi linatembea. Mmoja atauliza: huyo adui ni nani? Mwingine atajibu: si yule mama wa mikate? Na kutoka hapo mpaka neno mulozi, mchawi, si mbali. Tumeona watoto waliotolewa nyumbani kwao kwa sababu ya neno hilo, na akina mama wa makamo waliokosa wateja, kisha wakakosa majirani, kisha wakakosa hata ndugu. Inawezekana kabisa kwamba kijana hakumlenga yaya. Katika makanisa ya uamsho neno adui hutajwa kila usiku, na mara nyingi anayetajwa ni Shetani. Lakini lilisemwa siku chache tu baada ya mwalimu kupeleka ujumbe, na likataja ukuta. Vyovyote alivyokusudia, yaya alilipokea kama lake. Ndiyo maana nadhani hasira yake haitokani na usingizi peke yake tena, na hata bafle likizimwa kesho, sina hakika kama atarudi kukaa barazani kwako.

Kwa hiyo naona kuna mazungumzo mawili, na ungeweza kuyatenganisha. Moja ni la sauti. Jingine ni la neno lile, na hilo haliwezi kungoja. Linaweza kuanzia kwa yaya mwenyewe, na kwa yeye huhitaji ruhusa ya mpangaji wala dola moja ya garanti. Ukimwendea nyumbani kwake, wewe mwenyewe, ukamwambia kwamba ulisikia, kwamba neno lile hukulituma na hulikubali, utakuwa umemwambia kitu ambacho huenda anakingoja tangu Ijumaa ile. Usiende na suluhisho mkononi. Pengine atakulaumu, pengine atakuambia maneno ya kukuumiza kuhusu miezi yote uliyokaa kimya. Mwache aseme.

Kwa kijana, swali lingekuwa bora kuliko shutuma. Mwulize kwa upole alikuwa anaomba juu ya nani. Akikujibu kwamba alimsema Shetani na hakuwa na mtu moyoni, unaweza kumweleza jinsi neno hilo lilivyosikika upande wa pili, na kumwomba yeye na mkewe wamsalimie yaya, mchana, mbele ya watu, ili waliosikia mikro waone pia salamu hiyo. Akikujibu kwamba ameonyeshwa kuwa ni yule mama, basi tumeingia mahali pengine kabisa. Hapo usibaki peke yako na siri hiyo. Pasta wake anapaswa kujua, na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, pia, kabla neno halijafika kwa vijana wa barabarani. Katika hali hiyo nisingependa uhesabu tena kodi wala shukrani.

Sasa turudi kwenye sauti. Nina swali ambalo naomba usilichukue kama lawama: kijana amewahi kusikia kutoka kinywani mwako kwamba bafle linasumbua? Katika barua yako sikuona. Ulimtuma mwalimu, na naelewa kwa nini, haya ni kitu kizito. Lakini jitie mahali pake. Mpangaji mwenzake anamjia na malalamiko. Anaweza kufikiri ni ya mwalimu mwenyewe, au ni ya jirani aliyepita mlango wa nyuma. Wewe, mwenye lupango, bado unapokea sahani ya sombe na kutabasamu. Kodi inalipwa kwa wakati. Kwa macho yake, mama mwenye nyumba hana neno, na anayepiga kelele juu ya maombi ni watu wa pembeni. Huenda hata lile ombi la adui lilizaliwa hapo, katika kutojua.

Juu ya damu, nakuomba utafakari hivi. Je, kijana amewahi kukukumbusha kwamba alitoa? Hujaandika hivyo. Inaonekana daftari la deni hilo unalishika wewe peke yako. Alimpa mtoto uhai, na shukrani yako haina mwisho, lakini kushukuru si sawa na kunyamaza. Tena mtu aliyekubali sindano kwa ajili ya mjukuu wa mwenye nyumba ana moyo unaoweza kumsikia mtoto mwingine anayelilia masomo yake. Mimi ningeanzia hapo kabisa, kwenye binti wa finalisti na Exetat yake, maana hata kijana ana watoto na siku moja nao watakuwa wafinalisti. Ila jihadhari kidogo: usiitaje damu ile ndani ya mazungumzo hayo. Ukisema, mwanangu, najua ulitutolea damu lakini, ataona kwamba wema wake umeletwa kwenye mizani.

Na hofu yako ya kumpinga Mungu. Hofu hiyo ni ya kweli na siichezei, mimi pia ni mtu wa kuomba. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe: walipoomba bila bafle, hata watu kumi na tano wakijaa chumbani, hakuna aliyelalamika. Yaya hakuja kwako kwa sababu ya maombi. Alikuja baada ya bafle. Watu kumi na tano katika chumba kimoja wanasikiana bila mikro, na Mungu wanayemwomba hakuwahi kuihitaji. Hata Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuabudu, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, na palepale inaweka sharti la kuheshimu sheria, utulivu wa umma na haki za wengine. Nakutajia hilo likutulize wewe. Sikushauri uende nalo kwa kijana kama fimbo. Vivyo hivyo na aya za Biblia. Ukimpelekea aya moja atakuletea nne, na mtajikuta mnabishana juu ya Wakatoliki na watu wa uamsho, huku bafle likiendelea.

Kuna mambo ya kawaida kabisa ambayo huenda hayajafikiriwa na yeyote kati yenu. Umeme unaowasha taa ya binti ndio huohuo unaowasha bafle. Wote wawili wanaungoja mchana kutwa, unarudi saa sita ya usiku, kila mmoja anakimbilia kazi yake. Mara nyingi bafle linalowaka lenyewe ni kwamba mtu alilala bila kuzima kifungo. Kuchomoa waya kabla ya kulala hakumgharimu mtu kitu, na usiku kadhaa wa yaya ungepona kwa hilo tu.

Pili, ukiingia kwake angalia bafle limewekwa wapi. Likiwa chini sakafuni, tena kwenye kona, besi inaongezeka, na besi ndiyo inayopita ukutani. Sauti nyembamba ukuta unazizuia kiasi, besi haizuiliki vivyo hivyo. Wakiliinua juu ya meza, wakaliondoa kwenye ukuta wa upande wa yaya, wakaligeuzia uso ndani ya lupango yako na kupunguza besi, binti atahisi tofauti. Na huu ni wakati wa baridi. Usiku wa Juni na Julai hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, hakuna upepo, na sauti inasafiri mbali kuliko nyakati za mvua. Kijana anaweza kuwa hajaongeza kitu, akaapa kwa dhati kwamba ni sauti ileile, na yaya naye akawa anasema kweli kwamba imezidi. Lakini nisikudanganye: hayo yote yanapunguza tu. Chini ya mabati yasiyo na plafo, mkesha wa mikro utabaki mkesha wa mikro.

Ndiyo maana huenda mkalazimika kuongea juu ya saa. Kuna wanaokubaliana kwamba bafle lizimwe saa nne ya usiku na maombi yaendelee kwa sauti ya kinywa. Kuna wanaohamishia mkesha kanisani na kubakiza nyumbani maombi ya jioni. Unaweza kuomba hata kwa kipindi kifupi kwanza, mpaka Exetat ipite, maana ombi lenye mwisho ni rahisi kukubaliwa. Hatari yake unaiona: baada ya mtihani bafle linarudi na wewe huna tena sababu ya kuomba. Wazo jingine lilinijia nikisoma kuhusu plafo yako. Binti angeweza kuja kusoma na kulala kwako Jumatano na Ijumaa. Ila ukimwalika, mwalike kama mtoto wako, usimletee yaya jambo hilo kama jibu la shida, kwa sababu atasikia kwamba mwenye kelele amebaki na mtoto wake ndiye aliyehama.

Tuje kwenye garanti, ambayo uliiandika karibu na mwisho wa barua lakini nadhani ndiyo inayokuziba mdomo kuliko yote. Sikuhukumu kwa mabati. Mvua ilikuwa inaingia na ulikuwa na mtoto ndani. Wenye nyumba wengi wa mji huu wamefanya hivyohivyo. Lakini inafaa ujue unasimama wapi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba za kukaa inasema garanti mijini isizidi miezi mitatu ya kodi, na pesa hiyo inabaki ya mpangaji. Wewe ulichukua sita. Mambo yakifika kwenye huduma ya makazi ya komini, ofisi ya serikali ya eneo lenu, ambako kesi za upangaji husikilizwa kwanza kwa ajili ya mapatano kabla ya kwenda mahakama ya amani, swali hilo litatoka, na litakukuta.

Unayo njia zaidi ya moja. Wengi hapa, mpangaji anapotaka kuondoka, wanakubaliana ale garanti yake, yaani akae miezi iliyobaki bila kulipa. Kwako hiyo ni miezi sita bila kodi, na kama kelele hazijaisha, ni miezi sita nazo. Njia nyingine ni kuzungumza naye sasa, mkiwa bado mna amani, ale miezi mitatu ya ziada ili garanti irudi kwenye kiasi cha sheria. Itakubana, najua, dola 70 kwa mjane mwenye mjukuu si kitu kidogo. Au uanze kuweka kando kidogo kila mwezi kutoka kodi ya anexe zote mbili, hata dola 20, usiiguse. Itachukua muda mrefu kufika 420. Hata hivyo, nadhani siku utakayojua kwamba unaweza kumrudishia pesa yake, utaongea naye kwa sauti nyingine, hata kama hutaki aondoke.

Na je, aondoke? Mwanao wa Kolwezi anasema afukuzwe. Anakupenda, anasikia uchovu wako kwenye simu, lakini yeye halali Katuba. Kumwondoa mpangaji ni haki unayoweza kuwa nayo, kwa notisi ya maandishi na kwa kufuata kontra, mkataba wenu, si kwa kumtolea vyombo nje. Uzito wake ni kwamba utampoteza mtu anayelipa vizuri, watoto wanaokuita nkambo, na hujui atakayekuja baada yake atafungua nini pale nyuma. Tena angalia jambo hili: yaya aliomba usingizi na utulivu wa mtoto. Katika barua yako sikuona mahali aliposema umfukuze mtu. Ungemwuliza anataka nini hasa, badala ya kukisia, huenda akaomba kitu kidogo kuliko unachoogopa. Binti yako naye anasema ni wivu. Mama aliyelala nawe mkekani anastahili usikie kutoka kwake mwenyewe kabla ya kulipokea neno hilo.

Shefu wa avenyu anaweza kusaidia kama mtu wa kuwakalisha pamoja, hasa ikiwa peke yako unaogopa kulia au kukasirika. Hatari ni kwamba akiingia mapema sana, kijana ataona ameshtakiwa kabla ya kuambiwa. Kuita polisi usiku wakati wa mkesha nisingekupendekezea kirahisi. Kelele za usiku zinaweza kuadhibiwa, ni kweli, lakini kikundi kilichovamiwa kikiomba kitaondoka pale kikiamini kwamba adui wa ukuta yupo kweli, na yule mama wa mikate atabebeshwa hata lisilo lake.

Unaweza pia kungoja. Ni njia, na watu wengi huichagua bila kusema kwamba wameichagua. Mtihani utapita, mvua zitarudi na kuzifunika sauti kidogo. Ila neno lile la Ijumaa halingoji nawe, na salamu za kwenye robine zinazidi kuwa fupi.

Neno moja la mwisho, juu yako wewe. Umeandika kwamba una plafo, unafunga madirisha, unavumilia. Kisha umeandika barua ndefu hivi. Nadhani nawe hulali, mama, na hilo pia unaweza kulisema. Huna haja ya kujificha nyuma ya mwalimu, wala nyuma ya yaya, wala nyuma ya Exetat. Ni nyumba yako na ni usiku wako pia.

Ukiamua kukaa na kijana, chagua saa ya mchana ambayo mkewe yupo, maana kwa jinsi ulivyomweleza naona mama huyo atakuelewa haraka. Ukiamua kwenda komini, beba kontra na risiti za garanti na kodi. Na kama utafikia hatua ya kuandika notisi na maneno yakakushinda, niandikie tena, tutaipanga pamoja.